Sanduku la Chuma la Anti Rhoda

Harufu ya dawa ya kupe haijawahi kunitoka puani. Nikipita leo mbele ya duka lolote la mifugo, iwe Njoro au Mai Mahiu, ile harufu kali ikinipiga tu, narudi kuwa msichana wa miaka kumi na miwili, meno nimeyauma, natafuta mtu wa kumtia adabu. Najua wenzangu wakikumbuka utoto wao hukumbuka mahindi ya kuchoma na kuruka kamba. Mimi pia nilichoma mahindi, sikatai. Lakini ule mwezi wa Agosti mwaka wa 2008, nikiukumbuka, inakuja kwanza dawa ya kupe, kisha molasi, kisha vumbi la chakula cha kuku lililokuwa likikwama kooni, na katikati ya harufu hizo zote namwona Melvin ameegemea kaunta, anacheka. Haki ya nani, nilimchukia yule kijana. Nilimchukia kwa bidii na kwa mpango, kila asubuhi kabla ya kupiga mswaki.

Duka lilikuwa la Anti Rhoda, dada yake baba, kule nyuma ya soko la Nakuru. Mbele aliuza chumvi ya ng'ombe, mbegu, dawa, na vifaranga wa siku moja waliokuja kwenye maboksi yenye matundu. Pembeni, nyuma ya pazia la plastiki, aliweka kompyuta tatu za watu wanaotaka kuandika barua za kazi, na nyuma kabisa, ng'ambo ya ua, ndiko walikoishi yeye na mwanawe. Tangu Januari, ghasia za baada ya uchaguzi zilipotufukuza kwetu, na sisi tuliishi huko. Tulitoka shambani upande wa Molo na magunia mawili, godoro moja na redio, Anti Rhoda akatupa chumba kilichokuwa stoo ya mbolea. Hakuwahi kutusimanga hata siku moja, Mungu anajua. Aliyetusimanga ni Melvin, mwanawe, aliyekuwa kidato cha tatu na aliyejiona mwenye mji. Alikuwa ametupa jina: Januari. "Januari wamemaliza sukari." "Ambia hao Januari waniachie bafu." Mama akilisikia alijitia hamnazo, akaendelea kukunja nguo. Baba alikuwa amerudi kule juu kuangalia kama kuna ukuta uliobaki umesimama, kwa hiyo hakulisikia. Mimi nililisikia kwa niaba yetu sote.

Kaka yangu Karanja hakuwa nasi. Alikuwa anasoma Malaysia kwa ufadhili, mwaka wa pili, na tangu mambo ya Januari nilikuwa nimeongea naye kwa simu mara nne tu, kila mara kwa zamu, mama kwanza, baba baadaye, mimi nikibakiziwa sekunde za kusema "niko sawa" kabla salio halijaisha. Nilikuwa na mengi kuliko hayo, na nadhani aliyajua. Mwisho wa Julai, mwanafunzi mwenzake aliyekuwa akirudi kwao Njoro alituletea kifurushi, na ndani yake, imefungwa kwenye soksi, mlikuwa na gemu ya mkononi, ya rangi ya fedha, imechubuka pembeni, inayofunguka na kufungika kama kitabu. Barua yake naikumbuka neno kwa neno. Alikuwa amenunua mbili kuukuu, moja yake na moja yangu. Ndani kulikuwa na mbio za magari, na hizo mashine zikipata intaneti isiyo na waya, mtu wa Nakuru na mtu wa Malaysia wanaweza kukimbizana kwenye barabara moja. "Hatutaweza kuongea humo," aliandika, "lakini itakuwa saa nzima, mimi na wewe tu, bila foleni. Jumamosi nne za kwanza za Agosti, saa kumi jioni yenu, saa tatu usiku huku. Nitakuwa hapo zote nne. Septemba naenda mafunzo ya kazi mahali pasipo na intaneti. Usiniangushe, Shiru."

Sasa nani, Nakuru ile, alikuwa na intaneti isiyo na waya? Ni Anti Rhoda! Melvin alikuwa amemshawishi aiweke ili wateja waone duka limeendelea, na ili yeye mwenyewe afungue laptopu yake ya mitumba juu ya kaunta na kujipa umuhimu. Kwa hiyo siku ile ile kifurushi kilipofika, aliponinyooshea mkono na kusema, "Leta nione," nilimpa. Nilikuwa mjinga, ndiyo. Alibonyeza hapa na pale, akaenda mpaka ukurasa uliojaa tarakimu, kisha akatoa biro na kuandika kitu kwenye kiganja chake cha kushoto. Nikamuuliza anaandika nini. "Namba ya kujua kama ni orijino," akasema. Aliangalia kile kiganja, akatikisa kichwa kama daktari anayetoa habari mbaya, akanirudishia gemu mbele ya mama na Anti Rhoda. "Hii ni feki. Karanja ameuziwa takataka huko, pole sana. Lakini sikia, nipatie, nitakupa saa yangu ya mkono, nitoe vipuri tu." Nilimwambia saa yake aivae mwenyewe. Akacheka. Kama angeniita mimi feki ningelala na kusahau. Alimwita kaka yangu mjinga aliyeuziwa takataka, na mama akasikia, na mama akaangalia chini.

Jumamosi ya kwanza nilikaa kwenye ua saa tisa na nusu, nimeoga, nimevaa rinda la kanisani. Niliiwasha, nikaiambia itafute mtandao. Ikatafuta, ikatafuta, ikasema hakuna. Nikapanda juu ya ngazi ya tangi la maji. Hakuna. Nikaingia dukani, nikasimama kati ya magunia. Hakuna. Melvin alikuwa pale kaunta, laptopu yake inavuta picha za magari kwa raha zake, na kila nilipopita alisema "feki" kwa sauti ndogo, kama mtu anayehesabu mbuzi. Saa kumi na moja ilipofika, simu ya mama ikaleta ujumbe: "Nimengoja. Wiki ijayo." Nikaenda chooni kulia, maana kwenye stoo ya mbolea hapakuwa na mlango wa kufunga.

Nikiacha kulia huwa naanza kufikiri, na wanaonijua wanaogopa zaidi ninapofikiri. Mbona laptopu ya Melvin ilishika pale kaunta peke yake? Nilikuwa sijawahi kumwona ameifungua chumbani wala uani. Nikaenda kuangalia kile chombo chenyewe, ruta, kinachopokea intaneti na kuitawanya hewani. Na hapo ndipo nitakapoeleza kitu ambacho mtu asiye wa kwetu hataamini. Anti Rhoda, kama kila mfanyabiashara wa Nakuru aliyewahi kuibiwa, alifungia kila kitu. Televisheni ilikaa ndani ya kabati lenye kufuli. Mita ya stima ilikuwa na grili yake. Hata pampu ya maji ilivaa mnyororo. Ile ruta ilipowekwa tu, kabla ya wiki kwisha, alimwita fundi wa kuchomelea akaitengenezea sanduku la chuma kizito, likafungwa ukutani kwa skrubu nne, likapigwa kufuli, na ufunguo akauning'iniza shingoni pamoja na msalaba wake. Fundi aliacha matundu machache ubavuni, upande wa kaunta, ili chombo kipumue kama vifaranga kwenye boksi. Kwa hiyo intaneti ya Anti Rhoda, iliyopaswa kujaa hewani nyumba nzima, ilikuwa imefungwa jela, ikitoa vidole tu kwenye matundu.

Ningemweleza hivyo, angecheka. Ni nani angebishana na fundi wa chuma na Melvin kwa neno la mtoto? Nikasubiri mpaka Jumatano, jua limepiga bati tangu asubuhi, nikamshika Anti Rhoda mkono na kuuweka juu ya sanduku. "Ngai!" akaruka. "Hii itaungua!" Nikamwambia nimesoma kwamba vyombo hivi vikipata joto hufa, labda kiachwe wazi mchana akiwa ameketi hapo hapo. Akakubali. Tangu siku hiyo mlango wa sanduku ulifunguliwa asubuhi na kufungwa akifunga duka, naye akahamishia kiti chake chini yake kama askari. Nikaenda uani, nikawasha gemu, na lile jina la mtandao likatokea kwenye kioo. Niliruka peke yangu mpaka jogoo wa jirani akastuka. Nilimtafuta Melvin kwa macho nimwonyeshe. Nikamwona dirishani, amekunja uso, na sikuelewa kwa nini hakucheka.

Jumamosi ya pili jina lilikuwepo, neno la siri nililipata kwa Anti Rhoda mwenyewe, nikaliandika herufi kwa herufi. Gemu ikafikiri kidogo, ikanitolea namba ya kosa. Nikaandika tena. Namba ile ile. Nikabadilisha herufi kubwa kwa ndogo. Ikatoa namba nyingine. Nikarudia zilivyokuwa, ile ya kwanza ikarudi. Nilikuwa na daftari la hesabu la darasa la sita lenye kurasa tupu nyuma, na nikaanza kuandika kila kitu: nimefanya nini, saa ngapi, imejibu nini. Nilizima na kuwasha. Nilichaji betri mpaka ikajaa. Nilimwomba Anti Rhoda azime ruta ahesabu mpaka sitini, akahesabu kwa Kikuyu, akawasha. Nililala kifudifudi chini ya sanduku lenyewe, pua yangu kwenye gunia la pumba. Wakati wote huo laptopu ya Melvin ilikuwa hatua mbili kutoka kwangu, inafanya kazi. "Nilikushow," akasema. "Mashine feki haiwezi kushika. Acha ujuaji." Ujumbe wa Karanja ulifika saa kumi na moja: "Nimengoja. Bado ziko mbili."

Jumamosi ya tatu ilikuwa vivyo hivyo, tena mbaya zaidi, maana siku hiyo Anti Rhoda alichoka kunitazama nikisota. Alitufanyia kikao jikoni, mimi, mama na Melvin, akatoa hukumu aliyoiona ni ya haki. "Shiru, wiki tatu unahangaika na hicho kidude, na shule ziko karibu kufunguliwa. Jumamosi ijayo kikikataa tena, mpe Melvin. Yeye ana ujuzi, atakitengeneza, na wewe atakupa ile saa yake. Hakuna haja kitu kikae bure." Melvin aliinamisha kichwa kwa unyenyekevu kama mtoto wa shule ya Jumapili. Nikamgeukia mama. Mama alitazama mikono yake, kisha akasema, "Sawa, Rhoda." Nilijua kwa nini alisema hivyo. Mtu anayelala kwenye stoo ya mwenzake hana nguvu ya kusema "hapana." Lakini niliapa palepale, mbele ya sufuria ya githeri, kwamba yule kijana hatagusa soksi ya kaka yangu, sembuse gemu.

Kompyuta za kule nyuma ya pazia, zilizopata intaneti kwa waya, zilikuwa zikibaki tupu saa saba mchana, watu wakienda kula. Nilikuwa na ruhusa ya kukaa kwenye ile ya mwisho, iliyokuwa na kibodi mbovu, mradi nifagie kwanza na kuwapa vifaranga maji. Siku ya Jumanne nilifagia haraka, nikaketi na daftari langu na kamusi ya shule, nikaandika kwenye intaneti jina la mashine na ile namba ya kosa. Watu wa nchi za mbali walikuwa wamejibizana kurasa nzima. Wengi walikuwa wanapiga soga, lakini mmoja alisema wazi: ukipata namba hiyo na neno la siri ni sahihi, basi ruta imekutambua na imekukataa kwa makusudi. Nilifungua kamusi nikahakikisha kwamba lile neno la Kiingereza maana yake ni "makusudi." Nikasoma zaidi. Kumbe kila mashine ina namba yake iliyozaliwa nayo kiwandani, kama ng'ombe wa gredi alivyo na hereni ya namba sikioni, na ndani ya ruta kuna orodha ya hereni ambazo hazitakiwi zizini. Mwenye ruta ndiye anayeiandika orodha hiyo, kwa mkono wake.

Nilikaa nikitazama kile kioo. Niliona kiganja. Kiganja cha kushoto cha Melvin na biro ya bluu.

Kuingia ndani ya ruta kulitaka neno lingine la siri, la mwenye mali. Na hapo chuma chote cha Anti Rhoda kikawa kazi bure. Siku hiyo mzee mmoja kutoka Kabazi alikuja kuuliza dawa ya ng'ombe aliyevimba tumbo, Anti akainuka kumtafutia, nami nikaingiza mkono kwenye lile sanduku lililo wazi na kuigeuza ruta juu chini. Kulikuwa na stika, na kwenye stika kulikuwa na kila kitu: anwani ya kuingilia, jina, na neno. Walikuwa wameleta fundi, kufuli, skrubu nne na kamba ya shingoni, na funguo zenyewe zimebandikwa chini tangu kiwandani. Melvin, yule mjuzi wetu, hakuwahi hata kulibadilisha.

Nilirudi nyuma ya pazia, nikaingia. Orodha ya wasiotakiwa ilikuwa na namba moja tu. Nilifungua gemu nikalinganisha, tarakimu kwa tarakimu, kidole juu ya kioo. Ilikuwa yangu. Na pale pembeni, mahali pa kuandika jina la mashine ili usiisahau, alikuwa ameandika: JANUARI.

Nimesikia watu wakisimulia jinsi walivyotetemeka kwa hasira. Mimi sikutetemeka. Nilitulia kabisa, nikasikia vifaranga wakilia kule mbele na nikawaza vizuri kuliko nilivyowahi kuwaza darasani. Ningeweza kuifuta namba yangu na kwenda zangu. Ningeweza kumwita Anti Rhoda aje aone. Angemchapa, angelia, angesamehewa kabla ya chakula cha jioni, na Jumatatu angeniita Januari tena. Hiyo haikunitosha. Nilitaka aonje kile kile nilichoonja mimi, kijiko kwa kijiko. Nikaifuta namba yangu. Nikatafuta kwenye ukurasa wa mashine zilizowahi kuunganishwa, nikaiona laptopu yake, nikaichukua namba yake na kuiandika kwenye orodha. Pembeni nikaandika: AGOSTI. Halafu nikabadilisha neno la mwenye mali, nikaweka langu, na lile la kwenye stika likawa halifunguki tena kitu. Nikafunga kompyuta nikaenda kuwamwagia vifaranga maji. Hapo laptopu yake ilikuwa kwa rafiki yake mtaa wa pili, wanaandaa muziki wa harusi, na hangeileta dukani mpaka Jumamosi. Nilijua. Nilikuwa nimehesabu.

Jumamosi ya nne, saa tisa na dakika hamsini, tulikuwa wote pale mbele. Anti Rhoda kwenye kiti chake chini ya sanduku. Mama kwenye gunia la pumba, mikono mapajani. Melvin alikuwa ameivua saa yake na kuiweka juu ya kaunta, tayari kwa biashara, karibu na laptopu iliyofungwa. Nikawasha gemu. Nikabonyeza. Taa ndogo ikapepesa mara tatu, ikasimama, alama za mtandao zikajaa zote, na kwenye kioo likatokea jina la Karanja. Alikuwa pale. Alikuwa amengoja Jumamosi nne.

"Ala! Kumbe ni nzima!" Anti Rhoda akapiga makofi. Mama aliziba mdomo kwa leso. Na Melvin, hakuamini, akafungua laptopu yake upesi kuona kuna nini. Ikatafuta. Ikakataa. Akaandika neno la siri tena. Ikakataa. Nilimwona uso ukimpauka polepole, kuanzia masikio. Mbio zilikuwa zimeanza kwenye kioo changu, magari yananguruma, na vidole vyangu vilikuwa vinabonyeza vitu, sijui vitu gani. Nilikuwa namtazama yeye. Alizima, akawasha. Alisogea mpaka chini ya sanduku. Akapita nyuma ya pazia, akajaribu neno la kwenye stika kwenye kompyuta mojawapo, likakataa, na hapo akatoa kichwa akanitazama, nami nikamtazama bila kupepesa. "Mum, naomba niishike hii ruta, ina shida," akasema. Anti Rhoda akashika kifua chake palipo na ufunguo. "Shida gani? Ya Shiru si inashika? Basi shida ni ya hiyo laptopu yako. Labda ni feki." Woi! Sikuwa nimemfundisha kusema hivyo. Alilisema mwenyewe, na nikahisi utamu unashuka mpaka kwenye nyayo. Nilishindwa raundi zote za zile mbio na sikujali hata kidogo. Saa kumi na moja ujumbe ukaja kwa mama: "Umefika! Nimefurahi sana. Kwaheri mpaka nirudi."

Melvin alinifuata uani nikianua nguo. "Ni wewe," akasema.

"Mimi nimefanya nini?"

"Toa namba yangu."

"Namba gani?" nikamuuliza. "Kuna mahali watu huandikwa namba? Sisi wa Januari hatujui mambo hayo. Twende kwa mamako umweleze kuna orodha gani, nani alianza kuiandika, na kwa nini." Nikachukua shuka upande wangu, nikampa pembe ya pili anisaidie kulikunja, na alilikunja. "Wewe sasa ni Agosti," nikamwambia. Wiki mbili nzima nilimwona akihangaika mbele ya mama yake, akijifanya anatafuta ugonjwa anaoujua. Aliifungua ile laptopu kwa bisibisi juu ya kaunta ili aonekane anafanya kitu, akaifunga, zikabaki skrubu tatu, na haikuwaka tena. Sikuwahi kulitoa jina lake. Nilirudi shule nikaliacha humo, na nasema wazi kwamba sikukosa usingizi.

Sasa mimi ni mtu mzima, naishi Njoro, na kazi yangu ni kufunga na kutengeneza mitandao ya ofisi na mashule. Napanda ngazi, nagusa vyombo vyenye moto, nauliza maswali yale yale niliyoyaandika kwenye daftari la hesabu. Watoto siku hizi wanaingia nyumbani kwangu wanaomba neno la siri kabla ya kuamkia. Hakuna anayelala chini ya sanduku akitafuta kitu. Gemu yangu bado ninayo, kwenye droo, ndani ya ile soksi. Huwa naiwasha, inawaka vizuri, lakini ile huduma iliyokuwa inaziunganisha mashine za aina hiyo ilifungwa miaka mingi iliyopita. Nikiiambia itafute, inatafuta, kisha inanipa namba ya kosa, na safari hii hakuna orodha ya kufuta.

Krismasi iliyopita Karanja alikuja, mara yake ya kwanza nyumbani baada ya muda mrefu sana, amenenepa, ana mke mpole na mvi kidogo. Melvin naye alikuja na wanawe. Yeye ndiye anayeendesha duka sasa, Anti Rhoda miguu imemkataa, na akiingia mlangoni bado ana ile harufu. Tulikuwa tunakunywa chai, binti yake mdogo analalamika simu haishiki mtandao, Melvin akamwambia bila kuniangalia, "Nenda kwa anti Shiru, mwambie wewe si Agosti." Mtoto hakuelewa. Karanja hakuelewa. Mimi nilielewa, nikamwandikia mtoto neno la siri kwenye karatasi, nikijisifu kimoyomoyo kwamba miaka yote hii bado inamchoma.

Karanja aliposikia habari ya mtandao akacheka. "Kwanza nyinyi mtandao wenu! Unakumbuka ile Jumamosi ya mwisho, Shiru? Tulianza vizuri, mara gari lako likagonga ukuta, likasimama katikati ya barabara. Nikasema mtandao umekata. Nami nikasimamisha langu kando yako, nikakungoja. Kila raundi ilikuwa hivyo. Magari ya gemu yenyewe yote yanatupita, mimi na wewe tumesimama tu." Akasema hayo kwa furaha, akichovya mkate. "Nilikaa pale saa nzima nikikungoja urudi. Lakini nilifurahi, maana nilijua uko upande wa pili."

Mtandao siku ile ulikuwa umejaa, alama zote. Mwenye kukatika nilikuwa mimi. Kaka yangu alikuwa amesimamisha gari kando yangu, na mimi nilikuwa namtazama Melvin, nikila uso wake. Mle chumbani alikuwemo mtu mmoja tu aliyejua macho yangu yalikuwa wapi saa ile.

"Huo mtandao ulikuwa unasumbua sana," Melvin akasema. Alikuwa ametazama kikombe chake. "Mtandao wa duka wakati huo ulikuwa bure kabisa. Shiru alijaribu sana siku hiyo, nilikuwepo."

Karanja akaitikia kwa kichwa, akachukua kipande kingine cha mkate. Nikainuka, nikachukua birika, nikamwongezea Melvin chai mpaka ikafika ukingoni. Sikumshukuru. Hata sasa sijamshukuru.